Uliza Kocha: Mpini wa jembe kabla ya chuma

Toleo lililopita nilieleza kwamba klabu yetu ya kunyanyua vitu vizito hapa Tandika imefungua zamu ya jioni kwa wanaoanza, wakubwa kwa watoto. Barua zimekuja nyingi, na kutoka mbali kuliko nilivyotegemea. Nimechagua tano. Wengine ambao maswali yenu yanafanana na haya, nadhani mtajikuta humu humu.

Kocha, habari za kazi. Nina kijana wa miaka 13, yuko kidato cha kwanza, ana kilo 41. Tangu aanze kwenda kuchungulia watu wa klabu ya kunyanyua iliyo nyuma ya soko hapa kwetu, nyumbani haongei lingine. Baba yake anasema vyuma vitamdumaza, atabaki na kimo hicho hicho. Jirani naye ananitisha kuwa atapata ngiri. Nimruhusu au nimkatalie? – Mama wa Watoto Watatu, Tanga

Salama, dada yangu. Mruhusu. Ila kabla hajaingia yeye, ingia wewe.

Nianze na shemeji, maana hofu yake nimeisikia tangu ujana wangu na ina mahali ilipotokea. Mtoto hurefukia kwenye ncha za mifupa. Karibu na maungio kuna sehemu laini ambayo haijakomaa, na hiyo ndiyo inayoongeza urefu mpaka balehe ikamilike. Ikiumia vibaya, mfupa ule unaweza kukua kombo au kuacha kurefuka. Hapo shemeji yuko sahihi. Lakini kinachoiumiza ni kuanguka, kugongwa, au kuelemewa na mzigo uliomzidi mtoto bila mtu wa kumwangalia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimelipitia jambo hili zaidi ya mara moja, likiwemo tamko lao la mwaka 2020, na hawakuona kwamba mazoezi ya uzito yaliyofundishwa vizuri na kusimamiwa yanadumaza mtoto. Kijana wako akipigwa daluga uwanjani mfupa wake uko hatarini vilevile, na sidhani kama kuna aliyewahi kumkataza mpira.

Watu huwaona wanyanyuaji wafupi wakadhani chuma ndicho kilichowafupisha. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki alikuwa na sentimita 147, na kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akiwa daraja la kilo 60, alisimama na kilo 190 juu ya kichwa. Mtu mfupi chuma chake kina safari fupi kutoka sakafuni hadi juu, kwa hiyo mchezo huu humkubali mapema. Sasa mtazame Lasha Talakhadze wa Georgia. Huyo ana sentimita 197, na mwaka 2021 alinyanyua jumla ya kilo 492 kwa mitindo miwili, 225 na 267. Wote wawili wamekulia kwenye chuma kilekile.

Kuhusu ngiri: hutokea pale ukuta wa tumbo ulipo dhaifu, na kujikamua kunaweza kuitokeza. Kama kijana ana uvimbe kwenye kinena au kitovuni unaojitokeza akikohoa, mpeleke hospitali kwanza. Kama hana, jirani mshukuru kwa kujali, kisha uendelee.

Sasa hiyo ziara yako. Nenda jioni, kaa pembeni, usijitambulishe haraka. Usimtazame bingwa wao, bingwa yeyote anapendeza. Mtafute aliyejiunga juzi. Kama ameshika fimbo na kocha yuko karibu anamtazama visigino, umefika kwenye klabu. Kama amewekewa mzigo na watu wamemzunguka wakisema “tuone una nguvu gani”, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani, hata kama ukuta wote umejaa medali.

Kwetu mtoto hushika mpini wa jembe mwezi mzima. Anauinua juu ya kichwa, mikono imenyooka, halafu anachuchumaa mpaka chini kabisa mpini ukiwa umebaki juu. Jambo hili linaonekana dogo hadi ulijaribu. Visigino hutaka kuinuka, mpini hutaka kuja mbele, mgongo hutaka kupinda. Mimi huweka sarafu ya shilingi mia chini ya kila kisigino. Akiwa chini kabisa nainama navuta sarafu. Ikitoka kirahisi, kisigino kimeinuka, tunarudia. Akichuchumaa mara tano mfululizo na sarafu zote mbili zimegoma kutoka, siku hiyo anashika chuma chepesi cha kilo 5, na sijaona mtoto ambaye hakutabasamu siku hiyo.

Tazama pia mlango. Klabu ya watoto haifungi mlango wakati wa mazoezi, mzazi anaingia saa yoyote bila kubisha, na kocha habaki peke yake na mtoto mmoja baada ya wenzake kuondoka. Kocha akikuonyesha sura ya kuchukia ulipomuuliza hilo, hujakosea kuuliza. Ondoka.

Usidharau vifaa vya kienyeji, mradi ni vyepesi na vimeundwa vizuri. Hidilyn Diaz, aliyeipa Ufilipino dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Tokyo, alianza utotoni na sahani za zege, yaani zile duara za uzito zinazovishwa kwenye ncha za chuma, za kufinyangwa nyumbani. Siku tatu kwa wiki zinamtosha kijana wako, akizipisha siku. Mpe uji mzito asubuhi, maharage, dagaa, yai likipatikana, na alale mapema. Kocha akikuambia apunguze kula ili aingie daraja dogo la uzito, kataa. Mwenye miaka 13 anakua, hatakiwi kubanwa chakula kwa ajili ya mashindano yoyote.

Shikamoo kocha. Nina miaka 16, naishi Unguja. Shuleni natupa tufe, na mwalimu wa michezo ameniambia nijaribu kunyanyua. Mama hajakataa ila ana mambo mawili. La kwanza ni nguo, kwa sababu ile wanayovaa inabana na inaacha mapaja wazi. La pili anaogopa nitaota mabega ya kiume. Nimwambieje? – Binti wa Tufe, Unguja

Marahaba mwanangu. Msomee mama haya.

Mwaka 2011 Shirikisho la Kimataifa la Kunyanyua Vitu Vizito lilibadilisha kanuni ya mavazi, baada ya Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistani, kuomba ashindane akiwa amejisitiri. Tangu hapo mnyanyuaji anaruhusiwa kuvaa nguo ya ndani inayofunika mikono na miguu yote, halafu juu yake singleti, ndiyo ile nguo ya kubana anayoisema mama. Sharti ni kwamba nguo hiyo ishike mwili. Sababu yake si ya urembo. Mwamuzi lazima aone kiwiko kimenyooka kweli na goti limenyooka kweli, na kwenye nguo pana hawezi kuona. Hilo la kubana mwambie mama kwa ukweli, usimfiche, aamue akijua. Sara Ahmed wa Misri alipata shaba kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na hijabu kichwani, na fedha Paris mwaka 2024. Na hayo yote ni ya jukwaani. Mazoezini suruali ya michezo na fulana ya mikono mirefu zinatosha, hakuna wa kukuuliza.

Jambo moja dogo ambalo halimo kwenye kanuni: ushungi wako usiufunge kwa pini. Chuma kikija mabegani kinatua juu ya mfupa wa kifua, kinagusa koo. Pini ikiwa hapo itakuchoma au itapinda ndani ya kitambaa. Tumia ushungi wa kuvaa kichwani wa kuvuta, uchomeke ncha ndani ya fulana.

Mabega yatakomaa na mapaja yatajaa kidogo, sitamdanganya mama. Lakini mwili wa msichana hauna kichocheo kingi cha kuotesha misuli mikubwa kama wa mvulana, na katika mchezo wenye madaraja ya uzito wengi hutumia miaka wakizidi kuwa na nguvu huku mizani ikisoma palepale. Yule Diaz niliyemtaja juu alikuwa daraja la kilo 55 na akasimama na kilo 127. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya uzito wake, na ukikutana naye sokoni usingejua.

Chagua klabu yenye mwanamke mtu mzima, awe kocha, msaidizi au mzazi anayekaa pale. Kocha akihitaji kukurekebisha mgongo au nyonga, akuulize kwanza, na kwa kawaida fimbo yake inatosha kukuonyesha. Siku zako zikifika na tumbo linauma, sema tu, utapewa kazi nyepesi.

Kocha shikamoo. Nina miaka 22, nimepiga chuma jimu ya mtaani miaka mitatu, benchi nalala chali nasukuma kilo 100. Nilienda klabu ya kunyanyua nikapewa fimbo kama mtoto, na pembeni yangu binti wa miaka kama 15 ananyakua mzigo ambao mimi nilijaribu ukanishinda. Nilijisikia kudhalilika. Kuna haja ya kurudi? – Kifua cha Mwanza

Marahaba kijana. Rudi. Yule kocha alikuheshimu, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo, maana mimi wa kwangu hakunipa fimbo.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 17. Niliingia jimu moja ya uani, nina kifua, nina mikono, najiona. Mkubwa mmoja pale akanipa bomba la maji lililokuwa na kopo la rangi kila upande, makopo yamejazwa zege. Akasema livute mpaka mabegani kwa mkupuo mmoja. Mzigo ulipanda, maana nguvu zilikuwepo. Nilipofika kwenye kugeuza viwiko kuvipeleka mbele, bomba halikugeuka. Kifundo cha mkono wa kushoto kilipindukia nyuma, nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa. Miezi minne sikuweza kukamua nguo. Nimekuwa fundi wa kuchomelea maisha yangu yote, na mpaka leo siku za baridi mkono ule hunikumbusha.

Baadaye sana, kwa sababu ya ufundi, ndipo nilielewa kilichotokea. Chuma halisi cha mashindano si fimbo moja. Zile ncha nene zinazobeba sahani zimevishwa juu ya chuma na zinazunguka zenyewe. Unapogeuza viwiko, chuma kinageuka mkononi mwako huku sahani zimetulia. Kwenye bomba langu makopo yalikuwa yamegandia, kwa hiyo ili kuligeuza nililazimika kuzigeuza kilo zote za zege kwa mara moja, na zege lilikataa. Kifundo cha mkono kikalipa. Vyuma ninavyotengeneza sasa naviwekea bushi za shaba na grisi kila ncha. Wewe ukifika klabu yoyote, fanya jaribio hili: chuma kikiwa kwenye stendi, kishike kwa mkono mmoja, sukuma sahani kwa mkono mwingine. Sahani ikizunguka na chuma kikatulia, unaweza kujifunza hapo. Zikizunguka pamoja, chuma hicho ni cha kuchuchumaa nacho tu mabegani, usikigeuzie viwiko.

Sasa kuhusu kifua chako. Kuna mitindo miwili katika mchezo huu. Snachi ni kunyakua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Klini-na-jeki ni hatua mbili, kwanza mabegani, kisha juu. Yote miwili huanzia miguuni na kwenye nyonga. Mikono ni kamba tu ya kuunganisha. Kilo 100 za benchi ni kazi ya kweli na hakuna anayekunyang’anya, ila miaka mitatu ya kifua peke yake imeyavuta mabega yako mbele, na mikono haiendi nyuma ya masikio tena. Jaribu leo ukutani: egemeza mgongo wote, inua mikono mpaka vidole gumba viguse ukuta bila kiuno kuachana nao. Nadhani utaona mwenyewe. Yule binti hakushindi nguvu za mikono. Anaharakisha nyonga na anaingia chini ya chuma kabla hakijaanza kushuka. Muombe akuonyeshe, nina hakika atafurahi.

Wiki mbili za mwanzo vidole gumba vitauma sana. Tunashika kwa kukiweka kidole gumba kwanza juu ya chuma, halafu vidole viwili vinakifunika. Usikate tamaa ukarudi kwenye mshiko wa kawaida, maumivu yale yanaisha na mzigo hautakuponyoka tena. Viganjani utaota sugu. Usiziache zikue zikachanika. Kila Jumapili baada ya kuoga zisugue kwa lile jiwe la kusugulia miguu, taratibu, mpaka zilingane na ngozi.

Na jifunze kuangusha mapema, fimbo bado mkononi. Chuma kikienda mbele, kisukume mbele wewe ukiruka nyuma. Kikienda nyuma ya kichwa, kiachie kianguke nyuma wewe ukiruka mbele. Usiwahi kujaribu kukiokoa, na asiwepo mtu wa kukudaka. Kwa jirani yako wa benchi kudakwa ni usalama, kwetu ni kuwaumiza wawili. Ndiyo maana sahani za zege haziendi juu ya kichwa. Haziangushiki, zinapasuka, na mtu anayeogopa kuangusha ataung’ang’ania mzigo hadi umvunje.

Kocha, ninunue nini ili nianze? Muuzaji mmoja amenipa orodha: viatu maalumu, mkanda na kopo la unga wa kuongeza nguvu. – Anayejiandaa, Dodoma

Usinunue kitu kwanza. Mkanda utauhitaji siku ukiwa na mzigo wa kuufungia, na siku hiyo iko mbali. Viatu ndivyo vyenye maana: raba za kukimbilia zina sponji, ukisimama na mzigo zinabonyea upande mmoja na wewe unayumba. Viatu vya kunyanyulia vina soli ngumu na kisigino kilichoinuka kidogo. Kabla hujavipata, kiatu chochote cha soli bapa na ngumu kinafaa. Wengi wetu tulipeleka raba ya zamani kwa fundi viatu, akang’oa soli na kupigilia kisigino cha ubao.

Unga uache dukani. Mchezo huu umeumizwa sana na dawa. Rio mwaka 2016 kulikuwa na nafasi 260 za wanyanyuaji, Paris mwaka 2024 zilibaki 120, na kashfa za dawa zina sehemu kubwa katika kupungua huko. Kanuni inasema mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kimo ndani ya kopo. Mtu yeyote wa klabuni akikupa kidonge au sindano, niandikie, na klabu hiyo uihame siku hiyohiyo. Pesa ya kopo nunua mayai.

Shikamoo kocha. Nina miaka 15, nina miezi mitano klabuni. Kocha ameniandikisha mashindano ya mkoa na naogopa nitatoka sifuri. – Mgeni wa Jukwaa, Morogoro

Marahaba. Nenda. Utakuwa na majaribio matatu ya snachi na matatu ya klini-na-jeki. Ukikosa yote matatu ya mtindo mmoja huna jumla, na hiyo ndiyo sifuri unayoiogopa. Kinga yake iko kwenye jaribio la kwanza: taja uzito ambao unaunyanyua hata siku umelala vibaya na huna hamu. Chuma kikishapanda uzito hakishushwi kwa ajili ya mtu, kwa hiyo ukianza juu hakuna pa kurudi. Ukiitwa una dakika moja. Ni ndefu kuliko unavyofikiri. Paka chaki, vuta pumzi, tembea.

Kisha kuna ishara ya kushusha. Chuma kikiwa juu, viwiko vimenyooka, miguu imekuwa mstari mmoja, simama mpaka waamuzi wakuambie shusha. Mwanafunzi wangu mmoja, mwembamba kama wewe pengine, mashindano yake ya kwanza alinyakua kilo 32 safi kabisa. Furaha ikamzidi, akaziachia kabla ya ishara. Taa nyekundu tatu. Alikuja nyuma ya pazia analia, anasema wamemwonea. Nikampa maji, nikamwambia uzito ni uleule, na safari hii akiwa juu ahesabu madirisha ya ukumbi mpaka asikie mlio. Alirudi, akanyakua, akasimama. Nilikuwa pembeni ya jukwaa na niliona midomo yake ikihesabu. Alifika dirisha la nne.